Uaminifu Usiojaribiwa

Mwaka 2013 Kinshasa iliweka kwenye njia panda roboti za kuongoza magari, zilizobuniwa na mhandisi Thérèse Izay Kirongozi na wenzake. Baadaye Lubumbashi nayo ikapata za kwake. Zina mwili wa alumini, kamera, taa nyekundu na kijani, na kifua kinachogeuka kuruhusu upande huu na kuzuia ule, zote kwa nguvu ya jua. Madereva walizisifu upesi: roboti haiombi makuta ya rushwa.

Kazi ya Kirongozi ni fahari yetu Wakongo. Ila sifa ya uaminifu tumwekee polisi ambaye mshahara umechelewa, watoto wamefukuzwa shule kwa deni, na bado anamrudishia dereva noti yake. Roboti haina mtoto wala njaa. Hakuna jaribu ililolishinda. Na msafara wa mazishi ukifika njia panda, watu wakiimba na matawi mkononi, polisi huyo husimamisha magari pande zote bila kuamriwa na mtu. Roboti huendelea na zamu za taa zake.

Kuhisi ni kuwa na kitu cha kupoteza, na akili yetu hutegemea hilo. Katika kitabu chake cha 1994, daktari António Damasio alieleza wagonjwa walioumia ubongo wakapoteza hisia: mitihani ya akili waliifaulu, lakini kuamua mambo yao ya kila siku kuliwashinda.

Leo kuna mashine zinazotuandikia pole kwa Kiswahili fasaha. Pole hiyo imetoka kwa watu. Mwaka 2023 jarida la Time lilifichua kwamba wafanyakazi wa Nairobi walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma maandishi ya ukatili na unyanyasaji wa watoto, ili ChatGPT ifundishwe kuyaepuka. Walioumia rohoni ni wao.

Watu wanatofautiana kuhusu mashine za kesho. Kwa zilizopo leo, msimamo wangu ni huu: sijaona hata moja yenye cha kupoteza. Anayeuliza kama mashine inahisi aulize pia ni nani aliyeumia ili izungumze, na alilipwa nini. Swali hilo linatuhusu sana sisi wa Lubumbashi, ambao malori ya kobalti, madini ya betri za simu na kompyuta, yamekuwa yakipita kwetu kwenda mpakani Kasumbalesa.