Paa la Gari na Bei Yake

Mkazi wa Wambaa, kisiwani Pemba, aonapo lori dogo lililoundwa kuwa daladala, hutambua mara moja kwamba paa ni gharama: mbao, mabati na ujira wa fundi. Kwa hesabu hiyo, gari la wazi lingepaswa kuuzwa rahisi. Mbona basi Porsche 911 yenye paa la kukunja huuzwa ghali kuliko yenye paa la chuma?

Sababu ya kwanza ni ya kihandisi. Lori hutegemea fremu ya chuma iliyo chini yake. Paa lake ni kivuli tu. Gari dogo la kisasa halina fremu ya namna hiyo, na paa ni sehemu ya mifupa yake. Likiondolewa, hapana budi sakafu na kingo ziimarishwe, tena uongezwe mtambo wa kulikunja.

Lakini uhandisi pekee hauelezi bei. Mwaka 1961 nchini Uingereza, Jaguar E-Type ya wazi iliuzwa rahisi kuliko yenye paa. Mwaka 2005 Porsche iliiuza Cayman S, yenye paa la chuma, ghali kuliko ndugu yake wa wazi, Boxster S. Mwaka 2016 mpangilio huo ukageuzwa. Kazi ya kuunda paa haikugeuka. Kwa maoni yangu, kilichogeuka ni makisio juu ya mfuko wa mnunuzi.

Basi, ndugu msomaji, bei si kipimo cha ubora. Vijana wetu wafundishwe kuuliza, hata wanunuapo injini ya mashua: hapa nalipia kazi, au nalipia tamaa yangu?