Kenya iangalie saa ya kuchaji

Wanaohofia kwamba magari ya umeme yataiingiza Kenya gizani waangalie saa kwanza.

Usiku wa manane mvuke wa jotoardhi wa Olkaria huendelea kuzalisha umeme ilhali nyumba nyingi zimelala. Pikipiki 100,000 zikichaji yuniti 3 kila moja kwa saa 6, zitahitaji takriban megawati 50 tu, wakati kilele cha matumizi ya nchi nzima kimeshapita megawati 2,300.

Kazi ipo jioni, watu wanapopika na kuwasha taa. Tangu 2023 kuna bei maalumu ya kuchajia vyombo vya umeme, nafuu zaidi nje ya saa za kilele. Hatua nzuri.

Kampuni ya kusambaza umeme, Kenya Power, sasa ikague transfoma za mitaani zisije zikaelemewa, kabla mabasi ya umeme hayajaongezeka.