Kitufe cha "Nakubali" katika programu huria: nani anamfunga nani?

Kila anayeweka programu mpya kwenye kompyuta yake hukutana na ukurasa mrefu wa masharti wenye kitufe cha kukubali chini yake. Wengi hubofya bila kusoma. Kwa programu za kununua jambo hilo linaeleweka, kwani kampuni husema wazi kuwa asiyekubali asitumie. La kushangaza ni kukiona kitufe hicho hicho katika programu huria, ambazo nyingi kati yake hazimtaki mtumiaji akubali lolote.

Leseni mashuhuri ya programu hizo, GPL, haina utata katika suala hili. Kifungu cha 9 cha toleo lake la tatu, lililotoka Juni 2007, kinasema kuwa mtu halazimiki kuikubali leseni ili aipokee au aiendeshe programu. Masharti humhusu pale anapoigeuza au kuisambaza, na hata hapo anachotakiwa hasa ni kuwapa wengine haki zile zile alizopewa yeye. Hivyo mwenye kuweka kitufe cha "nakubali" mbele ya GPL anamdai mtumiaji kitu ambacho leseni yenyewe haikidai.

Itakumbukwa kuwa suala hili lilizusha mvutano mkubwa Septemba 2008. Waliokuwa wakijaribu Ubuntu 8.10 kabla haijatoka rasmi walifungua Firefox na kukuta mkataba wa kukubali. Mark Shuttleworth, mwasisi wa Ubuntu, alieleza kuwa Mozilla ndiyo iliyotaka hivyo ili jina la Firefox liendelee kutumika. Malalamiko yalikuwa makali. Mitchell Baker wa Mozilla alikiri kuwa mkataba ule haukufaa, ukaondolewa, na mahali pake likawekwa tangazo linalomweleza mtumiaji haki zake bila kumtaka akubali chochote.

Lakini Februari 2025 Mozilla ilirudi na masharti ya matumizi ya Firefox. Hayakugusa maandishi asilia ya programu, ambayo yalibaki chini ya leseni huria, bali nakala iliyo tayari kutumika, yaani ile anayoipakua mtu wa kawaida. Kipengele kilichoipa Mozilla ruhusa juu ya yale mtu anayoandika ndani ya Firefox kiliwatia watu wasiwasi, na baada ya siku chache tu kikaandikwa upya. Swali ni hili: mtu aliyezoezwa miaka yote kubofya "nakubali" mbele ya karatasi isiyomdai kitu, atajuaje siku anapodaiwa kweli?

Kwetu sisi kuna na tatizo la lugha. Katikati ya miaka ya 2000 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili, lakini GPL yenye nguvu ya kisheria ni ya Kiingereza pekee. Tafsiri zinaruhusiwa mradi zisiitwe rasmi. Fundi wa Kariakoo anayemnakilia mteja programu ya GPL, na jirani yake anayenakili Windows ya wizi, wote hupita kwenye kurasa zinazofanana kwa lugha wasiyoielewa vizuri. Wa kwanza yumo ndani ya haki yake, na pengine hajui.

Waundaji wa VLC walipata njia nzuri zaidi: walionyesha leseni, wakamwambia mtumiaji kuwa sasa anazijua haki zake, kisha kitufe kikasema "endelea" tu. Maneno hayo machache hayana ugumu wowote kuwekwa kwa Kiswahili.