Barua ya Bwana Shamba: Kulwa na Doto Walizaliwa Kabla ya Siku

Ndugu msomaji,

Mwezi huu naomba ruhusa yako. Nitaacha habari za shamba, nikueleze habari za nyumba yangu. Juzi alikuja kwangu baba mmoja wa kijiji ninachohudumia. Mke wake amejifungua mapacha kabla ya siku, na wote watatu wako hospitali. Aliniuliza, "Bwana Shamba, wewe ulifanyaje?" Nilimjibu. Baadaye nikaona ni vizuri nikujibu na wewe, maana jambo hili hubisha hodi kwa mtu yeyote.

Ilikuwa Januari 2018, wakati wa palizi ya pamba. Mimba ya mke wangu ilikuwa ya wiki 31. Mimba iliyokomaa hufika wiki 37 na kuendelea, mpaka 40. Usiku uchungu ulianza. Tulipanda gari la jirani, tukafika hospitali alfajiri. Kabla ya saa nne asubuhi watoto wawili walikuwa wamezaliwa. Kwa desturi yetu Wasukuma, wa kwanza aliitwa Kulwa na wa pili Doto.

Kulwa alikuwa na kilo 1 na gramu 400. Doto alikuwa na kilo 1 na gramu 100. Unaijua pakiti ya sukari ya kilo moja? Doto aliizidi kidogo tu. Ngozi yake ilikuwa nyembamba, na mguu wake ulikuwa mfupi kuliko kidole changu cha kati. Watoto wa namna hii siku hizi tunawaita watoto njiti.

Kosa langu

Siku ya pili nilimpa mke wangu fedha na kanga mbili, nikarudi kijijini. Nilijiambia hivi: watoto wana manesi, mama yao yuko nao, na mimi nina pamba yenye magugu. Nilidhani kazi ya baba ni kuleta fedha na chakula.

Kijijini nilikuta maneno. Wengine walisema mke wangu alibeba kuni nyingi. Wengine walisema amevunja mwiko. Ndugu msomaji, usiyasikilize maneno hayo. Mapacha huzaliwa mapema mara nyingi kuliko mtoto mmoja, kwa sababu tumbo la uzazi hujaa na kutanuka upesi. Mama hana kosa. Mama anayelaumiwa huumia mara mbili.

Siku ya nne nilirudi hospitali. Nilimkuta mke wangu amekaa kitandani, Kulwa yuko kifuani pake, yeye anasinzia. Doto alikuwa kwenye kitanda kidogo, mpira mwembamba umepita puani mwake. Mke wangu alikuwa hajalala vizuri tangu siku niliyoondoka. Maziwa yake yalikuwa yamepungua.

Nesi mkuu wa wodi, mama wa makamo, aliniita pembeni.

"Baba Kulwa, umeleta nini leo?"

"Nimeleta unga, samaki na fedha, Mama."

"Vizuri. Sasa nawa mikono mpaka kwenye viwiko, halafu vua shati."

Nilidhani sikusikia vizuri. Wodi ile ilijaa akina mama. Niliona aibu. Nesi akasema, "Mtoto huyu hana mafuta mwilini ya kumtia joto. Akipoa, chakula chake chote kinatumika kutafuta joto, na uzito haupandi. Mke wako ana kifua kimoja, watoto ni wawili. Cha pili ni chako."

Nilivua shati. Walimweka Doto wima kifuani pangu, kati ya maziwa, ngozi kwa ngozi. Alivaa nepi, kofia na soksi tu. Kichwa chake kiligeuzwa upande ili apumue vizuri. Tukafungwa kitenge. Nilimsikia moyo wake ukipiga upesi upesi. Nesi akaondoka kwenda kwa wengine, mimi nikabaki naogopa hata kukohoa.

Joto la mwili

Wewe mfugaji unajua kulea vifaranga. Kifaranga wa siku moja hawezi kujitia joto. Vifaranga wakisongamana, wanasikia baridi. Wakitawanyika mbali na joto, wamezidiwa. Mtoto njiti naye hawezi kujitia joto, lakini yeye hawezi hata kusogea. Lazima wewe umfuate. Joto lake linalofaa ni kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Mguse miguu. Miguu ikiwa baridi, mtoto ameanza kupoa.

Tahadhari! Vifaranga tunawawashia jiko la mkaa. Mtoto usimfanyie hivyo. Mkaa ndani ya nyumba iliyofungwa hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunukia, na huua watu usingizini. Chupa za maji ya moto nazo huunguza ngozi nyembamba. Kifua cha mtu ni bora.

Njia hii inaitwa matunzo ya kangaruu. Kangaruu ni mnyama wa Australia anayebeba mtoto wake katika mfuko wa tumboni. Njia yenyewe ilianza Bogotá, katika nchi ya Kolombia, mwaka 1978. Daktari Edgar Rey Sanabria aliona watoto njiti ni wengi na mashine za joto ni chache. Akawaambia akina mama wawabebe watoto kifuani.

Usidhani ni njia ya watu waliokosa mashine tu. Mwaka 2021 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanywa katika nchi 5: Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania. Kwetu ulifanyika katika Hospitali ya Taifa Muhimbili. Watoto wa kundi moja walisubiri kwanza hali yao itulie ndipo wabebwe. Kati ya kila watoto 100 wa kundi hilo, karibu 16 walikufa kabla ya siku 28. Watoto wa kundi la pili walibebwa mara tu baada ya kuzaliwa. Hao walikufa 12 katika kila 100.

Kwa hiyo tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani linashauri kuanza mara moja, na kumbeba mtoto saa 8 mpaka 24 kwa siku. Doto wangu alisubiri siku nne. Wewe uliza siku ile ile: "Je, naweza kumbeba sasa?" Kama mtoto hawezi kupumua mwenyewe, au mzunguko wa damu yake umedhoofika sana, wahudumu watakueleza ni kwa nini asubiri.

Maziwa tone kwa tone

Mtoto wa wiki 31 hajui kunyonya, kumeza na kupumua kwa pamoja. Mke wangu alikamua maziwa kwa mkono, mara nane au zaidi kwa siku, hata usiku wa manane. Doto alianza na mililita 6 kila baada ya saa mbili, kwa ule mpira wa puani. Hiyo ni kijiko kidogo cha chai na tone juu yake. Baadaye tulimnywesha kwa kikombe kidogo. Katika wiki ya nne akaanza kunyonya.

Mizani ya asubuhi ilikuwa mtihani wetu. Wiki ya kwanza uzito ulishuka. Doto alifika kilo 1 kamili. Mke wangu alilia, akidhani maziwa yake hayafai. Nesi alitueleza kwamba karibu watoto wote hupungua kwanza. Katika wiki ya pili hurudia uzito wao, kisha huongeza kidogo kidogo. Ndivyo ilivyokuwa. Gramu 15 leo, gramu 25 kesho. Nilinunua daftari, nikaandika kila siku kama ninavyoandika mvua kwenye kituo chetu.

Siku ya tisa

Siku ya tisa, saa tisa mchana, nilikuwa nimembeba Doto. Ghafla kifua chake kikanyamaza. Nikasubiri pumzi, haikuja. Midomo ikaanza kuwa ya bluu. Nesi alikuwa ametufundisha. Nilimsugua mgongo na nyayo, nikapaza sauti kumwita nesi. Kabla hajafika, Doto alishtuka, akavuta pumzi, akalia kwa sauti ndogo kama ya paka.

Watoto njiti husahau kupumua, kwa kuwa ubongo wao haujakomaa. Nesi alimpima, akampa dawa, akanirudishia. Mikono yangu ilitetemeka mpaka jioni. Niliwaza: kama ningekuwa kwenye pamba, na mama yake amesinzia kwa uchovu, nani angejua kwamba amenyamaza?

Si kila mtoto alipona. Mama wa kitanda cha jirani alimpoteza mtoto wake usiku wa siku ya kumi na nne. Alikuwa amefanya yote tuliyofanya sisi. Sikujua la kumwambia. Mke wangu alikaa naye, akamshika mkono mpaka ndugu zake walipofika. Nasema jambo hili ili usidanganyike kwamba juhudi hushinda kila mara. Lakini bila juhudi, wengi zaidi wangepotea.

Tuligawana kazi

Niliomba likizo yangu ya mwaka. Mchana nilimbeba mtoto mmoja, mke wangu akalala. Mama mkwe alikuja wiki ya pili, akabeba kwa zamu. Mama anaweza kubeba mapacha wote wawili pamoja, lakini hawezi kufanya hivyo usiku na mchana peke yake. Ndugu yangu alipalilia pamba. Shangazi alimtunza mtoto wetu mkubwa. Tuliuza mbuzi wawili kwa ajili ya chakula na nauli.

Kijijini walicheka. "Bwana Shamba siku hizi anatamia!" Nikawajibu, "Ndiyo, natamia. Na mayai yangu ni mawili." Pamba mwaka ule ilikuwa mbaya. Sijaijutia.

Tulikaa hospitali siku 47. Tulipotoka, Kulwa alikuwa na kilo 2 na gramu 200, na Doto kilo 1 na gramu 800. Walinyonya vizuri, na uzito ulipanda kila siku.

Mkifika nyumbani

1. Endeleeni kumbeba mtoto kifuani mpaka afike kama kilo 2 na nusu, au mpaka mwenyewe akatae kwa kujinyonganyonga.

2. Mpeni maziwa ya mama tu kwa miezi 6. Msimpe maji wala uji. Dawa na matone ya vitamini mpeni kama mlivyoelekezwa hospitali.

3. Kila anayemshika anawe mikono kwa sabuni. Mwenye mafua asimkaribie. Wageni watafurahi naye baadaye.

4. Msikose kliniki. Chanjo hufuata siku aliyozaliwa. Ombeni apimwe macho na masikio pia.

5. Msimlinganishe na mtoto wa jirani. Katika kukaa na kutambaa, hesabuni miezi tangu siku aliyotakiwa kuzaliwa.

6. Mkimbizeni hospitali akikataa kunyonya, akipoa au akiwa na homa, akipumua kwa haraka au kwa kusimama simama, akilegea, akishikwa na degedege, au viganja na nyayo zikiwa za njano. Njiani mbebeni kifuani.

Kulwa na Doto sasa wanasoma shule ya msingi. Doto bado ni mfupi kuliko mwenzake, lakini ndiye mwenye maneno mengi. Daftari la gramu ninalo mpaka leo. Yule baba aliyekuja juzi nilimwonyesha. Alilisoma ukurasa kwa ukurasa, polepole, kwa kidole. Halafu aliuliza basi la kwenda hospitali linapita saa ngapi.

Jadilini katika kikundi chenu

Je, katika kijiji chetu, mama akikaa hospitali siku 47, nani atapalilia shamba lake? Nani atawalisha watoto aliowaacha? Je, akina baba wako tayari kuvua shati?

Mwezi ujao tutarudi ghalani, tuzungumze juu ya dumuzi.

Wako katika kazi,
Bwana Shamba