Ombeni, lakini jiwe liacheni

Sina ugomvi na wanaopanda vilima vya mawe vya Mwanza kuomba. Watu wa Ziwa Victoria wameyaheshimu mawe tangu enzi za mababu, na kule kisiwani Ukara jiwe linalocheza lina heshima yake hadi leo. Ninachokikataa ni rangi ya mafuta. Pita chini ya mwamba baada ya mkesha wa maombi: nta ya mishumaa imegandia jiwe, chupa za maji zimesokomezwa kwenye nyufa, na juu kuna msalaba mweupe ambao masika hayaufuti. Ukanda huu una michoro ya kale ya rangi nyekundu, mingine imefifia mno hata mwenye brashi anaweza kuifunika bila kuiona. Wala si kosa la dini moja: Kolo, Kondoa, kwenye michoro iliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2006, pombe ya matambiko inayomwagwa kwenye kuta za mwamba inahatarisha kazi ya mababu vilevile. Sheria ya Mambo ya Kale, ya kulinda urithi kama huu, ipo tangu 1964, lakini haitoshi peke yake. Wachungaji, viongozi wa vikundi vya maombi, waganga: zungumzeni na watu wenu kabla ya mkesha ujao, rangi ibaki nyumbani na takataka ziteremke na wenyewe.