Habari Mbaya na Ipelekwe na Mkuu Mwenyewe

Siku ya kugawa, kila mkuu wa kazi hupendwa. Uwezo wake hujulikana siku ya kupunguza. Jambo hili huonekana waziwazi katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, kusini-mashariki ya mji wa Mbarara nchini Uganda.

Makazi hayo ni ya zamani. Yalitambuliwa rasmi mwaka 1960 kwa ajili ya watu waliotoka Rwanda, na leo wamo pia Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengineo. Yako chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, ambayo huweka pale kiongozi anayeitwa kamanda wa makazi. Pamoja naye hufanya kazi shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi, Shirika la Chakula Duniani, na mashirika mengine mengi, kila moja likiwa na mkuu wake, makarani wake na wakalimani wake.

Kwa miaka kadhaa sasa wakuu hao wamekuwa na kazi moja ngumu inayojirudia. Mwezi Aprili 2020 mgawo wa chakula kwa wakimbizi wa Uganda ulipunguzwa kwa asilimia 30. Februari 2021 ukashuka tena hadi kubaki asilimia 60 ya kiwango kamili. Mwaka 2023 familia ziligawanywa katika makundi matatu kwa kadiri ya shida zao, na kundi la tatu likaondolewa kabisa katika mgawo. Mwaka 2025, fedha za wafadhili zilipokauka, karibu watu milioni moja katika Uganda nzima waliachwa bila msaada wa chakula. Hakuna hata uamuzi mmoja kati ya hiyo uliofanywa Nakivale. Lakini kila mmoja ulipaswa kutamkwa huko, na mtu mwenye jina na sura, mbele ya watu wenye njaa.

Mtu huyo ni nani? Aghalabu ni karani wa dirishani au mkalimani. Na hapa ndipo penye uzito, kwa maana wengi wa watumishi hawa ni wakimbizi wenyewe, wanaolipwa posho ndogo ya kujitolea. Jioni gari la ofisi hugeuka kurudi Mbarara kabla ya giza, likiwa na wakubwa ndani yake. Karani hapandi gari hilo. Yeye huenda kwa miguu hadi nyumbani kwake, akipita mbele ya mlango wa mama yule yule aliyemwambia asubuhi kwamba jina lake halimo katika orodha. Watoto wake huchota maji bomba moja na watoto wa mama huyo. Pengine jina lake mwenyewe halimo pia.

Kwa hiyo mkuu anayebandika orodha ukutani na kujifungia ofisini hakukwepa lawama, ila ameihamishia kwa mtu asiye na cheo wala gari. Hapana budi asimame yeye mwenyewe mbele ya watu, aseme kilichopunguzwa, tangu lini, na kwa nini. Kabla ya hapo na awaite watumishi wake wote kwa pamoja, walau siku moja kabla, ili asiwepo hata mmoja wa kuzisikia habari hizo sokoni. Viongozi wa mabaraza ya ustawi ya wakimbizi, ambao ndio wenyeviti wa vijiji, nao waambiwe siku hiyo hiyo.

Wakalimani wapewe muda wao. Nakivale tangazo moja hupita katika Kiswahili, Kinyarwanda, Kisomali na lugha nyingine kadhaa, na katika safari hiyo neno moja huweza kugeuka tusi. Ukisema kwa lugha ya ofisi kwamba familia fulani “si ya kipaumbele”, mkalimani asiyeandaliwa atasema “hamstahili”, naye mjane atarudi nyumbani akiamini kwamba ametiwa hatiani kwa kosa asilolijua. Yafaa mkuu na wakalimani wakae mezani, wakubaliane neno kwa neno, na kila mmoja aliandike.

Namna ya kuwaita watu nayo si jambo dogo. Mwezi Julai 2010 Wanyarwanda waliokuwa Nakivale na Kyaka walizingirwa na askari wenye silaha wakiwa wamekusanyika, wakapakiwa katika malori na kurudishwa kwao kwa nguvu. Watu wapatao 1,700 walirudishwa, na wawili walikufa. Mahali penye kumbukumbu ya namna hiyo, mwito wa mkutano usiotaja sababu ni tishio. Sababu itajwe katika mwito wenyewe, hata ikiwa chungu.

Watu watauliza maswali yasiyo na majibu: je, mgawo utarudi? Hapo wakuu wengi hujikwaa kwa huruma, wakasema “vumilieni kidogo, mambo yatakuwa mema”. Ahadi hiyo italipwa na karani. Ni afadhali mkuu aseme hajui, ataje siku atakayorudi kuwaeleza, na siku hiyo aje hata kama hana jipya.

Rufaa nazo ziwe na meza yake. Mwenye malalamiko apewe namba na tarehe, na asikilizwe na mtu mwingine, si yule aliyeiandika orodha. Uganda ilijifunza gharama ya hesabu mbovu mwaka 2018, maofisa wa juu waliposimamishwa kazi kwa tuhuma za kuongeza idadi ya wakimbizi. Uhakiki wa alama za vidole uliofanyika mwaka huo ulipata watu wapatao milioni 1.1, hali vitabu vilikuwa na milioni 1.4. Tuhuma za namna hiyo humwangukia hata karani mwaminifu. Mkuu akiweka watu wawili kuhesabu na wa tatu kukagua, anamlinda mgawiwa na mgawaji pia.

Na ikiwa mtumishi atatuhumiwa kupokea rushwa, aondolewe mezani kimya, aelezwe tuhuma kwa maandishi, asikilizwe. Kumkaripia mbele ya foleni ili kuituliza foleni ni udhalilishaji. Watanzania wa makamo wanaukumbuka Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, kifungu cha 15, ambacho wafanyakazi wa viwandani walikishika kuwa ngao dhidi ya wakubwa wenye dharau. Watu hawasahau upesi waliyotendewa hadharani.

Siku ya tangazo, gari la Mbarara na lingoje. Mkuu akae na watumishi wake baada ya dirisha kufungwa, asikilize walichoambiwa, nani ametishwa, nani ameahidiwa kipigo njiani, na mpango wa kuwafikisha makwao ufanywe papo hapo. Wiki zinazofuata baadhi yao wataomba kuondolewa dirishani. Na wakubaliwe bila kuhojiwa sana, wapewe kazi ya ghalani au ya vitabu kwa mwezi mmoja au miwili, na katika jalada iandikwe kuwa ni badiliko la kazi, isiandikwe kosa.