Mtoto anataka kutengeneza programu: tumuulize itakaa wapi

Watoto wa wachimbaji wanasoma informatiki hapa Butembo na kule Beni. Minervali inatoka mu shimo. Kisha siku moja mtoto anarudi nyumbani na kusema: "Baba, nataka kutengeneza programu ya kusaidia kooperative yenu." Ni vizuri sana. Lakini mbele ya kutoa hata dolari moja, sisi tunaona inafaa kumuuliza: hiyo programu itakaa wapi?

Iko njia mbili. Ya kwanza ni nyongeza ya navigatere: programu ndogo inayobandikwa ku Chrome, ile tunafungulia nayo intaneti. Ya pili ni nyongeza ya imeli: inabandikwa ku Gmail na kuonekana pembeni ya barua unayosoma.

Ya kwanza inavutia kijana. Kujiandikisha ku duka la Chrome ni dolari 5, mara moja tu. Tena inakaa mu ordinatere yenyewe, kazi zingine inazifanya hata rezo ikikatika. Shida ni hii: Chrome ya simu za Android haipokee nyongeza. Firefox ya simu inazipokea, lakini mu familia zetu ni nani anaitumia? Ordinatere iko ku biro. Simu njo iko mu mkono.

Nyongeza ya Gmail inafunguka ku ordinatere na ku simu pia. Tuseme mnunuzi anamwandikia karani wa kooperative: gramu 62.2, usafi 90 kwa mia, bei kwa onsi. Onsi moja ya zahabu ni gramu 31.1. Kwa hiyo uzito ni onsi 2, lakini zahabu yenyewe ni onsi 1.8. Programu inaweza kuonyesha hesabu hiyo papo hapo, chini ya barua. Anayetoka Mangurejipa na mzigo wake ataona kama amelipwa sawasawa.

Kuna jambo lingine, la usalama. Nyongeza ya navigatere inaweza kuomba ruhusa ya kusoma kurasa zote unazofungua, hata ya banki. Watu wanabonyeza "ndiyo" bila kusoma. Ile ya Gmail inaweza kutengenezwa isome tu barua iliyofunguliwa. Kwa watu wanaobeba zahabu, kujulikana uzito na siku ya safari si mambo ya muchezo.

Hatusemi imeli haina makosa. Rezo ikikatika, nyongeza yake inalala, kwa sababu kazi inafanyikia mu mashini za mbali. Tena mchimbaji mwenye kasimu ka tochi hana imeli. Huyo atumiwe SMS: uzito, usafi, bei, basi.

Kwa hiyo wazo letu njo hili: karani apewe nyongeza ya imeli, mchimbaji apewe SMS, ile ya navigatere ingoje. Na kijana, mbele ya kuandika hata mstari mmoja, akae juma moja ku biro ya kooperative, kisha ashuke ku mashimo aone simu gani watu wanashika. Baba na mama, hiyo safari muilipe. Itakuwa rahisi kuliko kulipia programu ambayo hakuna mtu ataifungua.